Nyundo za Karasha Zinaisha Haraka? Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kutengeneza Chuma Kisicholika Upesi

Aliyekuja karakana juzi alibeba kiroba chenye nyundo sita za karasha, vile vipande vya chuma vinavyozunguka ndani ya mashine na kuponda mawe. Tatu zimelika zikabaki nyembamba kama ndimi, mbili zimekatika kwenye tundu, moja imepinda. Zote zilikatwa kwenye springi moja ya lori na fundi mmoja, siku moja. Bado mwenyewe akaniambia: "Fundi, nataka chuma kigumu zaidi."

Ombi hilo nalisikia kila wiki, kwa wenye makarasha ya dhahabu na kwa wenye mashine za kusaga unga. Wanabadilisha chuma, wanalipa zaidi, nyundo zinakufa vilevile. Chuma kisicholika hutengenezwa kwa njia kadhaa: kusubu (kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu), kupiga pleti kiwandani, kufua, na kuvika ganda kwa kuchomelea. Kila njia ina kazi inayoiweza na kazi inayoiua. Tuzipime moja baada ya nyingine, kisha tutengeneze nyundo zile zinazowezekana kwenye karakana ya kawaida.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kuchunguza:
- Sumaku yenye nguvu. Ya spika mbovu inatosha.
- Tupa mpya, isiyochakaa meno.
- Mafuta ya taa, kitambaa na chaki nyeupe.
- Mizani inayosoma gramu.

Kwa kutengeneza:
- Tanuru la makaa lenye feni au mvukuto, fuawe, koleo ndefu na nyundo ya kufulia.
- Oili ya kuzamishia, lita 8 kwa kila kilo ya chuma unachozamisha kwa mara moja, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko.
- Ndoo mbili za majivu makavu.
- Oveni ya kuokea na kipimajoto cha waya kinachofika nyuzi 500 za Selsiasi.
- Mashine ya kuchomelea, grenda, na vijiti vya aina tatu: vya kawaida vyenye haidrojeni kidogo, vya chuma cha pua, na vya ganda gumu la kromiamu.
- Miwani, glovu za ngozi, aproni, na barakoa ya kuzuia moshi na vumbi. Kitambaa cha kufunga puani si barakoa.

Kama huna kipimajoto, kinunue kabla hata ya springi. Nyundo nyingi ninazoletewa ziliharibiwa na macho ya fundi yaliyokadiria joto chini ya jua la saa sita.

## Hatua ya 1: Isome nyundo iliyokufa

Usitupe nyundo ya zamani. Ioshe, iweke kwenye mwanga, uitazame sura yake.

Uso umeng'aa na una mifereji myembamba. Imekwanguliwa. Chembe ngumu zimepita juu yake kama msasa. Hapa ugumu unasaidia.

Uso una mashimo na kingo zimevimba kwa nje. Imepigwa na mawe makubwa kuliko uwezo wake. Ni laini mno, au ni chuma ambacho bado hakijakomaa kwa kupigwa. Habari hiyo inakuja.

Imekatika, na mkato una chembechembe zinazometameta. Ni ngumu kupita kiasi, au ilipashwa joto kupita kiasi. Kuongeza ugumu hapa ni kumwaga petroli kwenye moto.

Imepinda. Haikushika ugumu kabisa.

Rudi kwenye kiroba cha yule bwana. Chuma kimoja kimetoa majibu matatu, maana yake tatizo halikuwa chuma. Kila nyundo ilipata joto lake.

Halafu uliza inasaga nini. Mawe meupe ya kwatzi yanayobeba dhahabu ni magumu kuliko chuma chochote cha kawaida, hata kilichotiwa ugumu wote. Kwa hiyo usitafute chuma kitakachoishinda kwatzi. Tafuta kitakacholika polepole bila kukatika. Mahindi yenyewe ni laini, ila yaliyoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi ileile. Mwenye mashine ya unga anayepepeta mahindi vizuri kabla ya kusaga ameshaongeza maisha ya nyundo zake bila kununua kitu.

## Hatua ya 2: Kitambue chuma ulichonacho

Anza na sumaku. Ikinasa, ni chuma cha kawaida, springi, pleti ngumu au chuma cha kusubu chenye kromiamu nyingi. Isiponasa, huenda ni chuma cha manganizi au chuma cha pua. Kuvitenganisha hivi viwili ni rahisi: kwangua kwa grenda, mwagia maji ya chumvi, acha usiku kucha. Cha manganizi asubuhi kina kutu ya kahawia. Cha pua bado kinang'aa.

Kisha tupa. Ikikata kwa urahisi, ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni ngumu sana. Jaribu sehemu tatu, maana nyundo inaweza kuwa ngumu ncha na laini kwenye tundu, na mara nyingi ndivyo inavyotakiwa.

Kwa springi ya zamani ongeza kipimo cha nyufa. Pakaa mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke, kisha paka chaki. Baada ya muda mafuta yaliyojificha kwenye ufa hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona mstari, kata kipande hicho, kitupe. Springi iliyobeba lori kwa miaka huwa na nyufa usizoziona kwa macho, na nyundo ikipasuka ndani ya karasha hutoka na kasi ya risasi.

## Hatua ya 3: Linganisha njia za utengenezaji

### Kusubu chuma cha manganizi

Chuma hiki kina manganizi asilimia 11 hadi 14 na kaboni karibu asilimia 1.2. Kikitoka kiwandani ugumu wake ni kama Brinell 200 (kipimo cha ugumu; namba ikipanda, chuma ni kigumu zaidi), si mbali sana na chuma cha dukani chenye 120 hadi 150. Siri yake ni kwamba kikipigwa kwa nguvu, uso wake hukaza na kufika Brinell 500, huku ndani kikibaki laini na kivumilivu. Kadiri uso unavyolika, ule wa chini nao hukazwa.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Kisipopigwa kwa nguvu, hakikazi. Kwenye karasha la taya linalotafuna mawe makubwa hakina mpinzani. Kwenye mashine ya unga kinabaki na ugumu wake wa 200 na kinalika haraka kuliko springi ya bei rahisi. Nimeona mtu akiagiza nyundo za manganizi za kusagia mahindi kwa sababu jirani yake mwenye karasha la mawe alizisifia. Zilimaliza msimu vibaya, na akamlaumu aliyemuuzia.

Usijaribu kukisubu kwenye tanuru la makaa. Kinahitaji tanuru la umeme, na baada ya kutoka kwenye kalibu lazima kipashwe tena hadi nyuzi 1,050 hivi kisha kizamishwe haraka kwenye maji mengi yanayozunguka. Kikipoa polepole, kabidi (vijipande vigumu vya kaboni iliyoungana na metali) hujipanga kwenye mipaka ya chembe na chuma hukatika kama kigae. Sumaku haitakuonyesha kama hatua hiyo imerukwa. Ukinunua shehena, toa nyundo moja sadaka: ibane upande mmoja, ipige kwa nyundo ya kilo 7. Nzuri hubonyea na kupinda. Mbaya hupasuka, na shehena irudi ilikotoka.

Kwa wanaotaka kuagiza ndani ya kanda, nenda kwenye viwanda vyenye tanuru la umeme na maabara ya kupima mchanganyiko. Tanzania, mkoani unaweza kuanzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa ushauri wa wapi pa kuelekea. Nairobi kuna Numerical Machining Complex, kiwanda cha serikali. Swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: mnazamisha kwenye maji kutoka nyuzi ngapi?

### Kusubu chuma cha kromiamu nyingi

Hiki kina kromiamu asilimia 15 hadi 28 na kaboni zaidi ya asilimia 2. Ndani yake kuna kabidi za kromiamu ambazo, tofauti na chuma chenyewe, ni ngumu kuliko kwatzi. Kwa kukwanguliwa, manganizi, pleti na springi havikifikii.

Lakini ni kigae. Jiwe kubwa au boliti iliyopotea ikiingia, kinavunjika. Kinafaa mipira na bitana (vyuma vya kukinga kuta za ndani) za karasha la mipira, lile pipa linalozunguka na mipira ya chuma ndani, na mapampu ya matope. Kwenye karasha linalosaga kwa maji kina faida ya ziada ya kupambana na kutu. Kwenye nyundo zinazopokea mawe ya ukubwa wa ngumi, hapana.

### Pleti iliyotiwa ugumu kiwandani

Hii hupigwa kwenye mashine za kusawazishia chuma, kisha huzamishwa na kutoka na ugumu uleule unene mzima. Jina linalojulikana zaidi ni Hardox ya Sweden. Namba yake inakaribia ugumu wa Brinell: 450 iko kati ya 425 na 475, na 500 iko kati ya 470 na 530.

Ni njia ya mtu asiyetaka kubahatisha. Kata, toboa, funga. Inafaa mabodi ya tipa, mifereji ya kumiminia mawe, bitana, na nyundo za mashine ya unga. Ina sharti moja tu: usiipashe zaidi ya nyuzi 250. Fundi anayeichoma hadi iwe nyekundu ili aikunje amelipia pleti ngumu akajitengenezea bati. Ukikata kwa gesi, ukingo wa mkato hulainika milimita kadhaa, kwa hiyo panga upande huo usiwe ndio unaopokea kipigo. Kutoboa, tumia biti za drili za kobalti, mwendo wa polepole, mkono mzito.

### Kufua springi na kuitia ugumu

Springi za malori huwa na kaboni kama asilimia 0.6, pamoja na kromiamu au silikoni kidogo. Zinapatikana kila penye gereji, zinafanyika kwa makaa, na kwa nyundo za unga na makarasha madogo zinatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba zinategemea mkono wa fundi asilimia mia. Ndiyo njia ninayoieleza kwa urefu kwenye Hatua ya 4.

### Kuvika ganda gumu kwa kuchomelea

Chuma kivumilivu ndani, ganda lenye kabidi nje. Ni njia pekee kati ya hizi inayofufua nyundo iliyolika badala ya kuizika. Iko kwenye Hatua ya 5.

### Piga hesabu kwa tani, si kwa bei

Chukua mfano wa namba za kubuni. Seti ya kwanza ni shilingi 60,000 na inasaga tani 20. Ya pili ni 150,000 na inasaga tani 70. Kila ukibadilisha seti, mashine inasimama na unapoteza 40,000.

Ya kwanza: 100,000 gawanya kwa 20 ni shilingi 5,000 kwa tani. Ya pili: 190,000 gawanya kwa 70 ni kama 2,714. Wengi husahau ile 40,000, kisha wanashangaa kwa nini rahisi inawamaliza.

## Hatua ya 4: Kutengeneza nyundo za springi

4.1 Lainisha kwanza. Pasha springi mpaka sumaku iache kunasa (karibu nyuzi 770), ongeza joto kidogo, kisha izike kwenye majivu makavu mpaka kesho. Sababu: springi haitobolewi ikiwa na ugumu wake, na ugumu wa zamani ukibaki hukorofisha ule mpya. Umefaulu kama tupa inakata kirahisi.

4.2 Kata, fua, toboa. Ukifua, acha mara rangi inapozama kuwa nyekundu hafifu. Kupiga chuma kilichopoa ndiko kunakoanzisha nyufa. Toboa tundu kwa biti ya drili, usilichome kwa gesi, kisha pitisha tupa ya mviringo kwenye midomo ya tundu ili isiwe na kona kali. Zile nyundo mbili zilizokatika kwenye kiroba zilianzia kwenye kona kama hizo.

4.3 Pima uzito. Sawazisha nyundo zote kwa grenda sasa hivi, zikiwa laini.

4.4 Pasha. Fanya kazi kivulini au jioni. Weka ncha inayopiga kwenye moto, nusu ya urefu, tundu likiwa nje. Sumaku ikiacha kunasa, endelea mpaka rangi ya nyanya iliyoiva, karibu nyuzi 840. Ishikilie hapo dakika chache ili joto lifike katikati. Ikielekea rangi ya chungwa umepita. Iache ipoe, anza upya. Joto la kupita kiasi hukuza chembe, na huo ndio mmetameto ulioona kwenye mkato.

4.5 Zamisha kwenye oili. Oili iwe vuguvugu, nyuzi 50 hadi 60, maana baridi ni nzito na haipozi vizuri. Ingiza nyundo wima kwa mwendo mmoja, ipandishe na kuishusha bila kuitoa. Usitumie maji. Springi kwenye maji hupasuka, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine usiku ukiwa umelala. Mfuniko uwe karibu. Oili ikiwaka, funika. Maji juu ya oili inayowaka yatakuchoma wewe.

Kipimo cha kufaulu: tupa inateleza kwenye ncha bila kuuma.

4.6 Punguza ukali siku hiyohiyo. Nyundo iliyotoka kwenye oili ni kioo. Ikiwa bado ina uvuguvugu wa kushikika mkononi, ipeleke kwenye oveni.

- Kwa unga: nyuzi 200 hadi 220, saa mbili, poza, rudia saa mbili. Ugumu unabaki kama Rockwell 57 (kipimo kingine cha ugumu, namba zake si za Brinell).
- Kwa mawe madogo: karibu nyuzi 400 kwenye tanuru lenye kipimajoto. Ugumu unashuka hadi kama Rockwell 48, lakini nyundo inavumilia kipigo.

Katikati ya hapo kuna mtego. Mafundi wengi tulifundishwa kusimama kwenye rangi ya bluu, karibu nyuzi 300. Kwa vyuma vingi vya springi joto la kati ya 260 na 370 hupunguza ugumu bila kuongeza uvumilivu. Unapoteza huku, hupati kule. Simama chini yake au livuke.

## Hatua ya 5: Kuvika ganda gumu

5.1 Safisha. Ondoa kutu, grisi na ganda la zamani lililolegea hadi chuma king'ae.

5.2 Jua unachomelea juu ya nini. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, kwa sababu vyuma viwili vinataka mambo kinyume.

Springi inataka joto: ipashe kwanza hadi nyuzi 200 au 250, chomelea ikiwa moto, kisha izike kwenye majivu ipoe polepole. Ikipozwa na upepo inapasuka pembeni ya mshono. Fahamu pia kwamba ugumu uliotia hapo chini utapungua. Kazi ya kupambana sasa ni ya ganda.

Manganizi hakitaki joto: kikizidi nyuzi 260 kwa muda, hurudi kuwa kigae. Chomelea mishono mifupi, hamahama, pumzika, na hakikisha chuma kilicho karibu na mshono hakizidi hapo. Kupoza kwa maji katikati ya mishono kunaruhusiwa kwa chuma hiki. Ukiifanyia springi hivyo, umeiua.

5.3 Weka tabaka la kati. Tumia kijiti cha chuma cha pua, aina ya 309 au 312, kati ya chuma cha chini na ganda. Hushika pande zote mbili na huzuia ufa usishuke. Kwenye chuma laini cha kawaida, kijiti chenye haidrojeni kidogo kinatosha, mradi kiwe kikavu. Paketi iliyokaa wazi msimu wa mvua ipashwe upya kama maelezo yake yanavyosema. Unyevu ndani ya kijiti huleta nyufa.

5.4 Weka ganda. Tabaka mbili, si zaidi ya tatu. La kwanza huchanganyika na chuma cha chini na kuwa laini kidogo. La pili ndilo linalofanya kazi. Ukipanga manne, ganda linabanduka kama plasta ya ukuta wenye unyevu.

Utasikia mlio wa kupasuka likipoa, na utaona nyufa nyembamba zinazokatiza mshono kila sentimita moja au mbili. Usishtuke: ganda la kromiamu hujipumzisha hivyo. Ufa wa kuogopa ni ule unaokimbia sambamba na mshono, kwenye mpaka wa ganda na chuma. Huo unamaanisha ganda halijashika, liondoe lote.

Onyo la mapafu: moshi wa vijiti vya kromiamu unaweza kuleta saratani, na wa manganizi huharibu mishipa ya fahamu. Chomelea mahali penye upepo, moshi uende mbali na uso.

## Hatua ya 6: Funga kwa usawa

Nyundo zinazotazamana pande mbili za shafti lazima ziwe na uzito mmoja. Nalenga tofauti isiyozidi gramu 5. Ikizidi, shafti inatetemeka, beringi zinakufa, na utalaumu nyundo.

Zungusha rota (sehemu inayozunguka na kubeba nyundo) kwa mkono kabla ya kuwasha. Kila nyundo ibembee bila kugusa chekeche. Kwenye mashine ya unga, nyundo bapa ina kona nne. Kona ya kwanza ikiviringika, igeuze. Nimekuta watu wanatupa nyundo yenye kona tatu nzima.

## Hatua ya 7: Pima kwa gramu

Usibadilishe seti nzima kwa maneno ya muuzaji, wala kwa maneno yangu. Funga jozi mbili za njia unazotaka kulinganisha ndani ya mashine moja, kila jozi ikitazamana kwa uzito sawa. Pima kila nyundo, andika gramu zake na tarehe kwenye daftari, saga kiasi kilekile cha mzigo wako wa kawaida, fungua, osha, pima tena. Gawanya gramu zilizopotea kwa tani zilizosagwa.

Jozi ikizidiana na nyingine kwa gramu chache tu, chukua iliyo rahisi. Moja ikikatika kabla ya kulika, rudi Hatua ya 4.6 na uongeze joto la kupunguza ukali. Zikilika bila hata alama ya ufa, una nafasi ya kupanda ugumu kidogo safari ijayo. Daftari liache palepale kwenye mashine, limefungwa kwa kamba, maana likipelekwa nyumbani hakuna atakayeliandika tena.